Malaria hasi, rudi nyumbani

Kila mtu wa kambi anaijua hii. Una homa. Unaamka saa kumi na moja alfajiri uwahi foleni, unakaa kwenye benchi mpaka jua linakuwa kali, unaitwa, kidole kinatobolewa, tone la damu linaingia kwenye kile kipimo kidogo cheupe. Unasubiri. Mstari mmoja. "Malaria hasi." Unapewa Panadol kwenye kipande cha karatasi, unaambiwa unywe maji mengi, unarudi nyumbani. Na homa nayo inarudi na wewe, imekaa nyuma ya boda kama abiria wa pili.

Hatuna ugomvi na wauguzi. Hatutaji zahanati yoyote hapa, na anayetaka kutafuta jina asijisumbue. Muuguzi mmoja anaona watu wengi kwa siku kuliko sisi tunavyoweza kuhesabu, na amepewa boksi moja la vipimo. Ugomvi wetu ni na boksi hilo moja. Kipimo cha malaria kinatafuta protini ya kimelea cha malaria, basi. Ni kama askari wa barabarani aliyepewa picha ya mwizi mmoja: wezi wengine wote wanapita, na yeye anawapigia saluti. Hasi maana yake ni "si malaria". Hapa kwetu imegeuka kuwa "huumwi".

Mwenzetu mmoja wa kikundi anafyatua matofali. Mnajua kazi hiyo: shimo, maji, udongo, miguu peku kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mikwaruzo ambayo haiponi kwa sababu kesho unarudi shimoni. Msimu wa mvua uliopita alipata homa. Alienda zahanati mara tatu ndani ya siku tisa. Mara tatu hasi. Mara ya kwanza Panadol, mara ya pili Panadol na dawa ya minyoo, mara ya tatu Panadol na maneno ya kumtia moyo. Alikuwa analalamika mashavu ya miguu yanamuuma mpaka hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono. Macho yakawa mekundu, majirani wakasema anavuta bangi. Kisha macho yakawa ya njano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Hapo ndipo kila mtu akawa munganga: huyu analeta majani, huyu anasema amerogwa na mtu wa shimo la jirani, yule anasema ni ini. Mwisho alipelekwa hospitali kubwa, akakaa huko wiki nyingi, figo zikasumbua, akarudi amekonda kama fito. Mungu asifiwe, yupo, na hata hii tunayoandika ameisoma kabla yenu.

Lakini mpaka leo hana jina la kitu kilichotaka kumuua. Karatasi yake inasema homa ambayo chanzo hakijulikani. Na sisi hatutampa jina, sisi si madaktari. Tunachosema ni hiki: dalili zile zote, na kazi ile, na maji yale, na panya wale wanaokunywa kwenye shimo lile usiku, na hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza kuhusu panya.

Kuna ugonjwa unaitwa leptospirosisi. Watanzania wanauita homa ya mgunda. Bakteria wake wanakaa kwenye figo za panya bila kumsumbua. Panya ana afya yake, anakimbia, anazaa, na kila akikojoa anawamwaga. Mkojo ukiingia kwenye maji yaliyosimama au tope, wanaweza kuishi humo kwa wiki. Wanaingia kwa mtu kupitia mchubuko, macho, mdomo. Homa, kichwa, mashavu ya miguu kuuma, macho mekundu. Kwa wengine inaishia hapo na wanapona, kwa wengine inaenda kwenye ini, figo, mapafu. Wataalamu walikadiria mwaka 2015 kwamba duniani unapata watu zaidi ya milioni moja kila mwaka na unaua karibu 60,000. Na dawa zake si za ajabu: doksisaiklini, penisilini, seftriaksoni. Ziko kwenye kabati lilelile wanakotolea Panadol.

Mwaka 2022, wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuumwa homa, kichwa, wengine wanatoka damu puani. Watu wakaogopa sana. Wakapima Ebola: hasi. Marburg: hasi. Korona: hasi. Je, waliambiwa rudini nyumbani? Hapana. Waliendelea kutafuta mpaka mwezi wa saba wizara ikatangaza ni homa ya mgunda. Walikuwa wagonjwa 20 na watatu walikufa. Angalieni namba hiyo, 20 tu. Kwa watu 20 nchi nzima iliamka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sasa jiulizeni, kambini kwetu watu 20 wenye homa na kipimo hasi wanatimia kwa muda gani? Sisi tunaokaa kwenye lile benchi tunajua. Si mwezi.

Eti labda ni wachache, labda tunakuza mambo. Sawa. Tuwape utafiti, si hadithi za foleni. Moshi, kaskazini mwa Tanzania, kati ya 2007 na 2008, watafiti walifuata wagonjwa 870 waliolazwa na homa kwenye hospitali mbili. Madaktari waliwaandikia malaria zaidi ya 500 kati yao. Walipopimwa vizuri, wenye malaria kweli walikuwa 14. Kumi na nne! Na waliokutwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, homa ya mgunda ikiwemo, walikuwa kama robo ya waliochunguzwa magonjwa hayo. Moshi ni mji wenye hospitali. Huko nako jina la malaria lilikuwa limeficha kila kitu kingine. Huku kwenye maturubai tunafikiri tuko bora?

Sasa tuje kwenye kile ambacho wengi wetu kinatuumiza zaidi, kwa sababu tumetoka nacho nyumbani. Sisi tuliotoka Ituri tunaijua tauni. Wazee wanaiita pesti. Si ugonjwa wa kwenye filamu za wazungu wa zamani. Iko kwenye milima yetu juu ya Ziwa Albert tangu miaka ya 1920, na Shirika la Afya Duniani linaitaja Kongo pamoja na Madagaska na Peru kama nchi tatu zenye tauni zaidi leo. Na upande huu wa mpaka, Arua na Zombo kule West Nile, ipo vilevile. Mpaka ni wa watu. Panya hana kitambulisho.

Bibi zetu walikuwa na kipimo chao. Ukiona panya wanakufa wenyewe ndani ya nyumba, hawajalishwa sumu, hawajakamatwa na paka, wamelala tu katikati ya chumba mchana kweupe, unatoka. Unabeba watoto unatoka. Na kweli, sayansi inasema hivyohivyo: bakteria wa tauni anaua panya, panya akipoa viroboto wanamkimbia, na wanatafuta mwili mwingine wenye joto. Mwili huo ni wa mtoto aliyelala chini kwenye mkeka. Siku chache baadaye homa kali, halafu mtoki, kinenani au kwapani, unaouma mpaka huwezi kuugusa. Bila dawa, tauni ya mtoki inaua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100. Ikifika kwenye mapafu, inasambaa kwa kukohoa, na bila dawa ya haraka karibu hakuna anayepona. Kwa dawa, ikiwahiwa, watu wanapona. Yote ni kuwahi. Na huwezi kuwahi kitu ambacho hukitafuti.

Madagaska wameonyesha dunia maana ya kutowahi. Mwezi wa nane 2017 kijana wa miaka 31 aliumwa dalili zinazofanana na malaria. Soma tena hiyo: zinazofanana na malaria. Akapanda basi dogo la abiria kupitia mji mkuu, Antananarivo, akafa njiani tarehe 27. Ilikuwa tauni ya mapafu. Mlipuko wenyewe ulitambuliwa tarehe 11 mwezi wa tisa, baada ya mwanamke mmoja kufa hospitalini Antananarivo. Siku kumi na tano. Mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja walihesabiwa wagonjwa 2,417 na vifo 209. Sasa wewe uliyewahi kupanda gari la kambi kwenda mjini, watu wanne kwenye siti ya watu wawili na kuku juu ya mapaja, fikiria mwenyewe. Hatuhitaji kuandika zaidi.

Na hao hao Wamadagaska ndio wametoa jibu. Taasisi ya Pasteur ya kwao ilitengeneza kipimo cha mstari kama kile cha malaria, wakakitangaza mwaka 2003. Unachukua usaha kidogo kutoka kwenye mtoki, unasubiri dakika 15, unaona. Hakihitaji friji kubwa wala mashine. Kwa makohozi si cha kukiamini peke yake, lazima maabara ithibitishe, lakini kwa mtoki kinasaidia sana kijijini. Kipo tangu baadhi yetu tukiwa bado hatujaanza kutembea! Boksi moja. Hatujawahi kuliona hapa.

Tukiuliza, tunajibiwa kwamba ugonjwa huo haujaripotiwa kambini. Jamani. Utaripotiwa na nani? Kwa kipimo gani? Huwezi kufunga macho halafu ukaandika kwenye ripoti kwamba hakuna kilichoonekana.

Ebola ilipokuwa Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 mpaka 2020, tuliona vitu vinavyowezekana. Mashine za kupima zilifika mahali ambapo hata barabara haifiki. Kipimajoto kilielekezwa kwenye paji la uso la kila bibi anayevuka ziwa. Hatulalamiki, iliokoa watu. Ila tulijifunza somo: ugonjwa ukiwatisha watu wa ndege, maabara inakuja kwa ndege. Ugonjwa unaoua mfyatua matofali mmoja mmoja, kimyakimya, unaletewa bango.

Ndiyo, mabango. Tunayo mengi. Panya mwenye msalaba mwekundu, na familia inayocheka ikifagia. "Usafi ni afya." Hatukatai usafi. Lakini tuambieni, mahindi tuyaweke wapi? Nyumba ni chumba kimoja. Tukiyaweka nje yanaibiwa, tukiyaweka ndani tunalala na panya. Shimo la taka lilijaa mwaka jana. Panya haji kwa sababu mama yako ni mchafu, anakuja kwa sababu mama yako ana gunia na hana pipa la bati lenye mfuniko. Tumechoka kuambiwa ugonjwa ni tabia yetu. Watoto wachanga wanang'atwa vidole usiku, na kuna homa yake pia, homa ya kung'atwa na panya, bakteria wengine kabisa, na mama akienda kueleza anaulizwa kwa nini hakufagia.

Na sisi wenyewe tujiseme, maana kidole hakinyooki upande mmoja tu. Kwanza, sumu ya panya. Kuna vijana kati yetu wanaiuza kwenye soko, na tunaijua biashara hiyo. Mahali penye tauni, kuua panya kabla ya kuua viroboto ni kuwafungulia viroboto mlango. Dawa ya viroboto ndani ya nyumba kwanza, panya baadaye. Hili hatukulijua mpaka tulipoanza kusoma, na tulishagawa sumu kwa siku mbili nzima tukijiona mashujaa. Pili, kapsuli. Mtu ana homa, ananunua mbili za rangi mbili kwa duka la mtaani, anameza, akijisikia vizuri anaacha. Ndiyo, tumesema doksisaiklini inatibu. Hatujasema ukanunue. Ina masharti yake kwa wajawazito na watoto, ina siku zake, na ukiila nusunusu unawafundisha bakteria kuishi nayo. Tatu, hii ya kurogwa. Kule West Nile, waganga wa jadi waliitwa wakafundishwa dalili za tauni ili wawapeleke wagonjwa hospitali haraka. Hawakutukanwa, waliitwa. Kwetu tunawacheka waganga mchana na tunawaendea usiku, na mgonjwa anapoteza siku zake mbili za kupona.

West Nile hiyohiyo walifanya jambo lingine ambalo ndilo tunalolitaka. Wanakijiji walifundishwa kutoa taarifa wakiona panya wamekufa. Mizoga ilichukuliwa ikapimwa, na nyumba zikapuliziwa dawa ya viroboto kabla mtu hajaugua. Yaani ile akili ya bibi zetu, ikaongezewa maabara. Uganda ina maabara ya tauni Arua. Haiko mwezini.

Hapa tuwe wakweli, maana tukidanganya mtatukamata. Homa ya mgunda haina kipimo chepesi kama cha malaria. Siku za kwanza bakteria wako kwenye damu lakini kinga ya mwili bado haijajitokeza, kwa hiyo vipimo vya mstari vinavyotafuta kinga hiyo vinaweza kusema hasi ukiwa unaumwa kabisa. Kile kipimo kinachoaminika zaidi kinahitaji maabara inayofuga bakteria hai, na damu ya mara mbili, leo na baada ya wiki kama mbili. Hatuombi hiyo maabara ije kwenye hema. Tunaomba kichupa kimoja cha damu ya siku za mwanzo kitunzwe kitumwe, na tabibu awe na ruhusa ya kuanza dawa kwa kushuku, bila kungoja macho yawe ya njano. Tunaomba aulize maswali mawili tu baada ya kusema hasi: unafanya kazi gani, na nyumbani panya wakoje? Maswali hayana bajeti.

Na panya wapimwe. Watu wenye mafunzo waje na mitego na glavu, wakamate panya wetu, figo zichunguzwe, viroboto wachanwe wahesabiwe. Panya hamsini watatuambia mengi kuliko mabango hamsini. Wakikutwa safi, tutashukuru na tutanyamaza, na tutaandika hapahapa kwamba tulikosea.

(Kuna jambo linatuchekesha kwa uchungu. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu. Wanafanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na wanagundua wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Kwa hiyo panya anampima mtu bakteria. Mtu ndiye anashindwa kumpima panya.)

Tunajua mtatuambia fedha. Chakula chenyewe kimepunguzwa, nyinyi mnaomba vipimo vya panya? Ndiyo, tunaomba. Mwenzetu alikaa wiki nyingi kwenye hospitali kubwa. Gari, kitanda, maji ya mshipa, mtu wa kumlinda ambaye naye hakulima. Jumlisheni wenyewe halafu muweke pembeni bei ya kapsuli za siku ya pili. Na mapipa ya bati ya kuhifadhia mahindi yanaokoa chakula hichohicho mnachosema kimepungua, kwa sababu panya naye anakula mgao, na hajaandikishwa.

Sisi tuko tayari kwa kazi. Tuko vijana kumi na wanane, wengi tumemaliza sekondari, tunajua kuandika fomu na tunajua kila njia ya kambi. Wahamasishaji wa afya wa vijiji tunawasaidia tayari kwenye chanjo na vyandarua. Tufundisheni kutoa taarifa ya panya aliyekufa, tupeni glavu na dawa ya viroboto, tutazunguka. Kwa sasa tunawaambia watu hivi: usimguse kwa mkono mtupu, usimpe mtoto achezee, usimtupe kwenye maji. Watoto wote watoke kwenye chumba hicho. Na mtu wa nyumba hiyo akipata homa, aende zahanati siku hiyohiyo na aseme neno "panya" kabla hajaulizwa, hata kama wanacheka.

Wiki mbili zilizopita, kwenye nyumba moja ya kijiji cha chini, walikutwa panya watatu wamekufa asubuhi moja. Hakuna aliyeweka sumu, tuliuliza nyumba kwa nyumba. Tulienda kwa mwenyekiti, akatutuma kwa watu wa maji na vyoo. Watu wa maji na vyoo wakasema ni jambo la afya. Watu wa afya wakauliza, kuna mgonjwa? Hakuna. Basi, mkipata mgonjwa mleteni. Tuliwazika wale panya nyuma ya choo, tukamwaga majivu juu, na siku saba zilizofuata tulipita kwenye nyumba ile kila jioni kuwapapasa watoto vipaji vya uso, kwa sababu hicho ndicho kipimo tulicho nacho. Hawakuugua. Pengine ilikuwa sumu ya jirani aliyeogopa kusema.

Ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, na tunajua mnatusoma, hatujaomba mtuite kwenye warsha. Tuandikieni namba moja ya simu hapo chini. Kesho asubuhi mtoto akimkuta panya amekufa katikati ya chumba, tumpigie nani?